Mwisho Aliousoma Tatay

Calbayog, 20 Juni 2005

Mpendwa Manang Doray,

Najua siku hizi unaitwa Sista Maria Benigna, lakini mkono wangu ukishika kalamu unaandika Doray wenyewe. Mama Mkuu akipitia barua hii anisamehe.

Hujambo, dada yangu? Sisi huku hatujambo. Kachanga ameanza kujigeuza kitandani, kwa hiyo sasa siwezi hata kwenda kuchota maji bila kumzungushia mito. Jhunrey anakula kila kitu isipokuwa chakula. Rodel wangu bado yuko Manila kwenye ujenzi, anakusalimu, anasema umwombee asianguke kutoka juu. Nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine umebeba mtoto anayenyonya, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Tatay mzima, kikohozi kimepungua. Barua yako ya nadhiri za daima, kwamba ni tarehe mbili Februari, nilimsomea yote huku napepeta mchele. Tulipofika pale unaposema ungefurahi sana baba yako akiwepo siku hiyo, aliinuka akasema anakwenda kuangalia kuku. Hatuna kuku tangu Machi. Sitakudanganya, Manang. Hakusema atakuja, hakusema haji. Tangu uingie humo ndani, mtu akimwuliza ana watoto wangapi anajibu mmoja, nami nikiwa karibu naongezea, “Wawili, Tatay.” Basi nitaendelea kuongezea.

Sasa habari kubwa. Wameweka *Lango la Hilom* kwenye televisheni! Ile ile yetu, ya vitabu vya katuni, ya kwenye kibanda cha Tatay. Kila jioni siku za kazi, baada ya taarifa ya habari. Mtaa mzima umepata wazimu. Nang Cedes wa ndizi za kukaanga amegeuza televisheni yake ikaangalia dirishani, sisi tunakaa uani kwake na mabenchi yetu, na ole wako ukipita mbele. Ukiangalia nyuso za watu utadhani ni zile jioni za zamani, Tatay ametundika vitabu kwenye waya kwa vibanio vya nguo, wenye pesa wanakodi wanasoma kimyakimya, na sisi wengine wote tumekaa chini tunamsikiliza yeye akisoma kwa sauti. Watu wengi wa mtaa huu hawakuisoma hadithi hiyo, Manang. Waliisikia kwake.

Na wote wanangoja jambo moja tu: mwisho. Himaya, yule msichana shujaa, akirudi nyumbani kutoka kwenye lango, miguu imejaa tope, anaingia jikoni kwa baba yake na kusema, “Wali umebaki?” Hata leo mtu akichelewa kurudi kutoka kazini hapa mtaani anaingia na maneno hayo. Nang Cedes ameshatuonya: siku hiyo asiwepo mtoto wa kulia, anataka asikie vizuri.

Tatay anakuja uani, ila anakaa ameipa televisheni mgongo. Anasema amefuata upepo.

Nakushukuru kwa ile skapulari ya shingoni. Nimemfungia mtoto, ameshaitafuna.

Mdogo wako,
Gemmalyn


Monasteri, Cebu, 11 Julai 2005

Inday wangu,

Amani na iwe nyumbani kwako. Barua yako niliisoma bustanini nikacheka mpaka Sista mzee wa mlangoni akakohoa. Tuko wazima. Mvua imeharibu mboga zetu za majani, lakini watu wanatuletea mayai ya sadaka kwa wingi, maana msimu wa harusi umefika na kila bibi arusi anataka Mtakatifu Klara amzuilie mvua. Tunakula mayai asubuhi, mchana na jioni. Niombee.

Namshukuru Mungu kwa ajili yako, Inday. Najua nilipoondoka nilikuachia Tatay na jiko na kila kitu, nawe ulikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Hujanilaumu hata mara moja. Kama umewahi kunilaumu, uliniombea mimi nisisikie.

Kuhusu Tatay, usimsukume. Mwambie tu siku ile ile ukimwambia mambo mengine, kama vile unavyosema chumvi imekwisha. Nitaendelea kumwombea mpaka dakika ya kulala kifudifudi mbele ya altare, na kama nikiinuka nikakuta kiti chake ni kitupu, nitamshukuru hata hivyo. Lakini ningependa awepo. Sitaficha hilo.

Nimefurahi sana na habari za Hilom! Hapa hatuna televisheni, kwa hiyo wewe ndiwe macho yangu. Nani anaigiza Himaya? Na Bungot, nyati wetu anayeruka, wamempata wapi? Niandikie yote, hata ya kipuuzi.

Dada yako akupendaye,
Sr. M. Benigna (Doray)


Calbayog, 3 Septemba 2005

Mpendwa Manang,

Samahani kwa kuchelewa. Jhunrey aliugua matubwitubwi, uso ukawa kama balungi, kisha akamwambukiza mtoto wa jirani, kisha mama wa jirani akaacha kunisemesha. Sasa amepona na jirani amerudi kukopa vitunguu, kwa hiyo tuko sawa. Mimi nimechoka tu. Juzi nilichemsha sufuria ya maji nikaweka chumvi nikasahau kuweka kitu. Lakini mzima, nashukuru.

Umeuliza Bungot. Kaa chini.

Hakuna Bungot. Wamemtoa nyati, wameweka farasi! Farasi mweupe, ana mabawa kama ya malaika wa kwenye keki. Siku alipotokea, Nang Cedes akainuka akasema, “Huyo ni nani?” Mtu akamjibu, “Ni Bungot, Nang.” Akasema, “Bungot mama yako! Bungot ana pembe, Bungot ana kupe!” Akavua ndala akamtupia farasi. Ndala ikapita dirishani ikamgonga mumewe aliyekuwa analala. Wiki hiyo yote mtu asingeweza kununua ndizi bila kwanza kuulizwa yuko upande wa nyati au wa farasi. Vijana wanasema farasi ni sawa, nyati hawezi kupendeza akiruka. Wazee wanasema kupendeza si kazi yake. Redioni watu wanapiga simu asubuhi kulia kabisa, watu wazima. Sokoni yule mwenye duka la nguo amemwagiwa matusi kwa sababu tu sura yake inafanana na mwigizaji wa Mfalme wa Tope, yule adui wa Himaya. Na mtoto wa Lourdes wa kona amezaliwa, wamembatiza Himaya Princess. Padri aliuliza ni mtakatifu gani huyo. Bibi yake akajibu, “Atakuwa.”

Himaya mwenyewe ni msichana mzuri ila mweupe mno, kama hajawahi kupanda mpunga. Hata hivyo analia vizuri.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nikaushe mikono nikae niandike. Jioni ya farasi, Tatay aligeuza kiti.

Alikigeuza, Manang! Akaangalia mpaka mwisho, mikono kifuani. Tukirudi nyumbani nimembeba mmoja na kumburura mwingine, akasema ghafla, “Mwambie.”

Nikasema, “Nimwambie nani, Tatay?”

“Unajua nani. Mwambie wameweka farasi. Mwambie Bungot angewala hao wote.”

Nikasema, “Nimwambie umesema wewe?”

Akatembea kidogo, akasema, “Mwambie farasi tu. Ya nani kasema ataelewa.”

Haya, nimekwambia. Tangu siku hiyo kila asubuhi ana jambo la kukuambia. Mwambie mto wao wa Hilom una povu kama sabuni. Mwambie panga la Himaya ni la kukatia keki. Nakuandikia haya tu, mengine yangejaza gunia.

Nadhiri sijazitaja. Nafuata ulivyosema. Ila nikuulize kitu kimoja: wewe ulipenda mwisho upi zaidi, pale lango linapofungwa au pale jikoni? Mimi sikumbuki lango linafungwaje, nilikuwa mdogo mno. Nakumbuka wali tu.

Mdogo wako,
Gemmalyn


Monasteri, Cebu, 30 Septemba 2005

Inday wangu,

Asante. Asante kwa farasi, asante kwa povu, asante kwa panga la keki. Nilisoma neno “Mwambie” nikalazimika kwenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Miaka yote hii sikupata hata salamu, na sasa napata farasi mweupe mwenye mabawa. Mwambie nimeelewa ni nani kasema. Mwambie kwamba Bungot angemla yule farasi akianzia mkiani.

Pole kwa matubwitubwi. Ukichoka, lala chini pamoja na watoto hata kama vyombo vimelala vichafu. Nakuamuru, na mimi ni mkubwa.

Nina kisa cha kukuchekesha. Kumbe mashabiki wamefika mpaka kwetu. Pamoja na mayai huja vikaratasi vya maombi, tunavisoma kwa sauti kabla ya sala ya jioni. Tangu Agosti vikaanza kuja: “Mwombeeni Himaya, hali yake si nzuri.” “Masista, tafadhali, Himaya asife.” “Mayai haya kumi na mawili ni kwa ajili ya Himaya, familia yote tunalia.” Mama Mkuu ni mtu wa Baguio, hajui habari hizi, akatutangazia kwamba kuna dada mmoja mahututi mjini na lazima anapendwa sana. Tukamwombea kwa moyo wote. Sista wa jikoni alifunga siku nzima kwa mkate na maji. Mimi nilikuwa nimelazwa na homa, sikuwepo, na niliporudi nikamsikia Mama Mkuu akisema kwa huruma, “Na kwa ajili ya Himaya, na farasi wake.”

Sikuweza, Inday. Nilicheka kanisani.

Wakati wa mapumziko nikawaeleza. Nilidhani Mama Mkuu atakasirika. Akafikiri, akasema, “Basi tuendelee. Aliyeleta mayai anaumwa na kitu fulani, hata kama Himaya haumwi.” Na sasa kila Jumapili nawasimulia sura moja, kama alivyokuwa akisoma Tatay. Hata Sista wa mlangoni ameacha kukohoa.

Umeniuliza mwisho. Tuangalie watauonyeshaje. Sitaki kukuharibia.

Kumbuka: tarehe ishirini na saba Novemba Majilio yanaanza, na kwetu Majilio hatupokei barua wala kuandika mpaka Krismasi. Barua zinazofika huwekwa. Usidhani nimekukasirikia.

Dada yako,
Doray


Calbayog, 26 Novemba 2005

Manang,

Najua barua hii itakukuta lango limefungwa. Nitaiandika hivyo hivyo, la sivyo nitapasuka. Watoto wazima, Rodel mzima, Tatay sijui.

Jana ilikuwa sehemu ya mwisho. Uani hapakuwa na nafasi ya kuweka unyayo. Lourdes alikuja na Himaya Princess amemvika mabawa. Nang Cedes alifunga biashara mapema, akapika sufuria kubwa ya wali akaiweka katikati, eti Himaya akiuliza “Wali umebaki?” sote tujibu “Umebaki!” tuanze kula. Watu walichanga samaki mkavu na nyanya. Ilikuwa kama sikukuu.

Basi Himaya akafika langoni. Kumbe lango lile halifungiki kwa nje. Tope linasukuma, wanakijiji wanasukuma, halifungiki. Akaingia ndani yeye, akaweka mgongo, akalifunga. Likafungwa. Tope likakauka, mto ukawa safi, watu wakashangilia. Muziki. Tukangoja. Yakaanza kupita majina ya waigizaji. Tukaendelea kungoja, tukidhani ni baada ya majina. Likaja tangazo la sabuni.

Tangazo la sabuni nalo likaisha. Kisha mtoto mmoja akauliza, “Sasa tunakula au hatuli?”

Manang, palilipuka! Nang Cedes alilia kwa hasira. “Wamemfungia ndani! Mtoto wa watu wamemwacha ndani na wanapiga muziki!” Mwingine anasema wametuibia mwisho wetu. Jamaa mmoja wa mtaa wa pili akasema hata kwenye kitabu ndivyo ilivyokuwa, alikisoma akiwa shule. Nusura wampige. “Wewe kusoma umeanza lini?” wakamwambia. Leo Nang Cedes anaandika barua kwa kituo cha televisheni kudai warudie sehemu ya mwisho kama ilivyo kweli, anakusanya sahihi, na ya kwanza anataka iwe ya Tatay.

Na mimi nitatia yangu. Nimekasirika, Manang, zaidi ya inavyostahili hadithi. Watu gani hao wanaotengeneza mwisho ambao msichana harudi kwao, halafu wanataka tufurahi?

Tatay aliondoka kabla ya tangazo. Nilimkuta nyumbani amekaa, taa hakuwasha. Hakuniambia “Mwambie.”

Gemmalyn


Calbayog, 11 Desemba 2005

Manang,

Na hii nayo itakaa kwenye droo ya Mama Mkuu pamoja na dada yake. Wasalimiane.

Nang Cedes alikuja Jumapili baada ya misa na karatasi yake, na nyuma yake nusu ya mtaa. Nilikuwa nafua nepi. Akasema, “Mano Isyong, wewe wa kwanza. Wewe ndiwe uliyetusomea, wakiona jina lako juu watanywea.”

Tatay akafuta mikono, akavaa miwani, akaisoma karatasi yote. Ilisema: sisi wakazi wa mtaa huu tunadai mwisho wa kweli. Akachukua kalamu. Akaiweka chini.

“Haiandiki?” Nang Cedes akasema. “Ninayo nyingine.”

“Inaandika. Siwezi kutia sahihi, Cedes. Mwisho wa kweli ndio ule mliouona.”

“Toka hapa! Na jikoni je?”

“Jikoni ni kwangu.”

“Kwako vipi?”

“Nilitunga mimi. Kitabuni hakuna jikoni. Kitabuni anabaki ndani, ndiyo maana sikukitundika kwenye waya.”

“Na wali?”

“Wa kwangu pia.”

Nang Cedes akamtazama kama mtu aliyeambiwa mumewe si mumewe. “Mano Isyong. Miaka hii yote. Na machozi niliyolia mimi siku ile?”

“Hayo ni yako,” Tatay akasema. “Sikuyatunga.”

Mtu akacheka, wengine wakawa hawajui wacheke au waondoke. Mimi nepi ilikuwa mkononi inachuruzika miguuni. Kisha Tatay akasema, si kwa sauti kubwa, “Kitabu kile cha mwisho kilifika na meli wiki niliyomzika mke wangu. Siku tisa za sala hazijaisha. Mlikuja hapa kutufariji, mkaniomba nisome, mkasema itatuliza watoto. Nikafungua ukurasa. Na wasichana wangu wawili wamekaa pale mbele wananiangalia. Ningewasomea nini?”

Nang Cedes aliikunja karatasi yake mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaitia kifuani, akasema, “Basi ungetuambia. Nisingepika wali wote ule.” Akamshika Tatay bega, akaenda zake, na wengine wakamfuata.

Manang, alisema wawili. Sikuongezea mimi.

Jioni nikamwuliza kwa nini basi hakuwahi kutuambia tulipokuwa wakubwa. Akasema, “Dada yako alipoondoka, nilifikiri alikiona kitabu hicho mahali. Nilifikiri ndicho kilichomchukua. Nikakifunga kibanda.” Nikasema, “Tatay, mtu haendi utawani kwa sababu ya katuni.” Akasema, “Wewe umejuaje? Umeshawahi kwenda?”

Jibu unalo wewe. Ulikiona, Manang? Ulijua? Niliposoma tena barua yako ya Septemba nimeona ulivyoruka swali langu kama mtu anayeruka dimbwi. Nataka unijibu wazi, hata kama nitaumia. Nina watoto wawili, nimeshazoea kuumia na kuendelea kupika.

Tarehe mbili Februari hajasema neno.

Gemmalyn


Monasteri, Cebu, 26 Desemba 2005

Inday wangu,

Heri ya Krismasi kwako, kwa Rodel, kwa Jhunrey na kachanga, na kwa Tatay. Jana baada ya misa Mama Mkuu alinipa barua zako mbili na kusema, “Hii ya kwanza ilikuwa inafoka hata ndani ya droo.” Nimezisoma kwa zamu, kisha pamoja.

Nakujibu wazi. Nilijua tangu jioni ile ile.

Umeme ulikuwa umekatika, na mimi ndiye niliyesimama nyuma ya Tatay kumshikia taa ya mafuta. Niliona ukurasa. Himaya ameegemeza mgongo langoni, kwa ndani, na uso wake haukuwa na huzuni. Maneno yalikuwa machache tu. Kisha nikaisikia sauti ya Tatay inasema mambo ambayo hayakuwepo: njia ya kurudi, tope miguuni, jiko, baba amekaa. Niliangalia karatasi, nikamwangalia yeye. Sauti haikutetemeka hata kidogo, lakini masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilitaka kusema, “Tatay, sivyo.” Ndipo akafika kwenye “Wali umebaki?”, nawe ukainua kichwa kutoka mapajani kwa Nang Cedes ukasema, “Na mimi nataka.”

Hukumbuki, Inday, ulikuwa na miaka sita. Tangu tumzike Nanay ulikuwa hujatia kitu mdomoni zaidi ya maji. Walikupa wali kwenye mfuniko wa sufuria, ukala, ukaomba tena. Tatay alikuwa ameshika kitabu kimefungwa, anakuangalia unavyotafuna. Ningewezaje kufungua mdomo baada ya hapo? Nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Si siri nzito. Ni kitu ambacho nimekitunza kama mtu anavyotunza picha.

Sasa mwambie Tatay haya, na usipunguze neno. Katuni haikunichukua. Himaya nilimpenda, lakini hakuniita. Kama kuna mtu aliyenionyesha kwamba mtu anaweza kusimama mahali pagumu, kimya, ili wengine wale, ni yeye, Tatay, jioni ile, na taa ilikuwa mkononi mwangu kwa hiyo niliona vizuri. Simlaumu kwa mwisho aliousoma. Namshukuru kwa huo mwisho. Ule mwingine pia naushukuru. Mimi ninaishi kwenye mmoja na wewe kwenye mwingine, na yote miwili tulipewa na yeye.

Mwambie pia masista waliniuliza Jumapili mwisho ni upi. Niliwasimulia wa kwake. Sista wa jikoni akasema, “Huyo baba lazima alikuwa na njaa ya mtoto wake.”

Sitamwuliza tena kama atakuja. Nimeshauliza, na anajua njia.

Lala mapema, Inday.

Doray


Calbayog, 9 Februari 2006

Mpendwa Manang,

Tumefika salama. Kachanga alitapika kwenye meli nzima, hakubagua mtu. Jhunrey sasa anataka kutoa yai la maombi kwa kila kitu, hata kiatu chake kilichopotea. Mimi nimelala usiku mmoja mzima, wa kwanza tangu sijui lini, kwa sababu Tatay aliwachukua watoto wote wawili chumbani kwake. Mwili wangu haujaamini.

Ya tarehe mbili uliyaona mwenyewe, siyarudii. Nakuandikia yale ambayo kutoka nyuma ya wavu wa chuma hukuyaona.

Hukuona nilipomsomea barua yako ya Krismasi. Mara hii hakwenda kwa kuku. Alinifanya nirudie pale pa masikio. “Mekundu?” akasema. “Mwongo huyo. Palikuwa na giza.” Kisha akaenda kwa Nang Cedes, nami nikadhani amekasirika. Alikwenda kuazima pasi. Alipiga pasi ile barong, shati la harusi yake, wiki tatu kabla ya safari, kisha akaipiga tena, mpaka nikaificha isiungue.

Hukuona kanisani, ulipolala kifudifudi wakaimba litania ya watakatifu wote. Alikuwa anaitikia kila jina, na kati ya jina na jina ananiuliza, “Baridi je, hiyo sakafu? Hawakuweka mkeka?” Ulipoinuka akasema, “Amenenepa.” Nikasema, “Ni mayai, Tatay.” Akaanza kulia hapo, si kabla. Kwa ajili ya mayai.

Na pale kwenye chumba cha wageni ulipopitisha mkono kwenye kidirisha cha wavu ukauchukua wake, ukauinamia ukauweka kwenye paji la uso kama tulivyofundishwa kuwasalimu wazazi, hukuona uso wake, maana ulikuwa umeinama. Mimi niliuona. Sitakuandikia ulivyokuwa. Nitakuambia tu kwamba nilikuwa nimekuja na neno moja kavu la kukuambia, la miaka yote niliyobaki na jiko, na nilipoutazama uso ule sikulikumbuka tena. Nashukuru sikulikumbuka. Lingekuwa la mtu mwingine.

Sasa la jana. Watu walimjia uani kumwuliza Cebu ilikuwaje, na watoto wakamwomba hadithi, ile ile, maana hawana nyingine. Nang Cedes akasema, “Usiwadanganye watoto wa watu tena, Mano Isyong. Wapewe ya kitabuni.” Tatay akasema haya. Akawasimulia nyati, akawasimulia tope, akafika langoni. Akasema Himaya akaingia, akaweka mgongo, akalifunga, akabaki. Akasema uso wake haukuwa na huzuni. Nikasema moyoni, basi, ameweza.

Jhunrey akamwuliza babu yake, “Lolo, na baba yake je? Hakumwona tena?”

Nikangoja kuona atasoma nini.

“Alimwona,” Tatay akasema. “Lango lile lina dirisha.”

“Kitabu kinasema?” akauliza Nang Cedes.

“Kitabu hakikufika huko,” akasema. “Mimi nimefika.”

Mdogo wako akupendaye, na anayekushukuru,
Gemmalyn